Ndengu na Mbaazi Hazivunwi Siku Moja

Kama ulisomea Kenya kabla ya juzi juzi, unaijua hii. Mwisho wa muhula karatasi ya ripoti ilikuja na namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju mdogo: 7/52, ama 31/52. Maksi za hesabu mzazi angeweza kuzisahau kufikia Jumapili, lakini hiyo nafasi hakuisahau. Mwenye duka aliiuliza, kanisani wakaiuliza, na mjomba ambaye hukumuona mwaka mzima naye akaiuliza. "Umekuwa namba ngapi?" Hakuna aliyeuliza umejifunza nini.

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, uliufanya mchezo huo kuwa wa taifa zima. Kwa miaka yetu jumla ilikuwa maksi 500, na siku matokeo yakitoka, televisheni ilionyesha watoto wamebebwa juu juu huku wazazi wakipiga vigelegele. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu iliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora. Mwaka 2023 KCPE yenyewe ikafanywa kwa mara ya mwisho. Kwa hivyo kwenye karatasi namba zimepungua. Nyumbani bado ziko, zimebadilisha nguo tu. Sasa ni nani ameajiriwa, nani amejenga, nani ameenda Qatar, nani ana miaka 27 na bado anaomba nauli.

Kwetu Voi, mchezo huu ulikuwa na wachezaji wawili: dadangu mdogo na binti ya mama mkubwa.

Mamangu na dada yake walizaliwa juu, karibu na Wundanyi. Mama mkubwa aliolewa huko huko milimani. Mama akateremka, akaolewa Voi. Mabinti wao walizaliwa mwaka mmoja, wakaingia darasa la kwanza mwaka mmoja, na tangu siku hiyo hawakuwahi kupumua bila kupimwa. Likizo ya Desemba tukipanda kwa matatu kupitia Mwatate, zile kona za kwenda juu zikianza na masikio yakiziba, mimi nilikuwa nafurahia baridi. Dadangu alikuwa amenyamaza. Alijua chai ikishamiminwa, ripoti zitatolewa.

Matokeo ya KCSE yao yalipotoka, binti ya mama mkubwa alipata A ya kutoa. Dadangu akapata C kavu. Kenya tunajua maana ya hiyo tofauti, kwa sababu mlango wa digrii unafunguka kwenye C ya kujumlisha. Mmoja ameingia chuo kikuu, mwingine amebaki nje kwa alama moja ya kujumlisha. Grupu la familia la WhatsApp lilijaa maua, keki na mikono ya kuomba. Kisha mtu, kwa wema kabisa, akauliza, "Na yule wa Voi?"

Mama akaandika, "Tunashukuru Mungu." Usiku nilimsikia jikoni akimwambia dadangu, "Mwenzako mmezaliwa mwaka mmoja. Mmekula ugali ule ule. Kwa nini wewe?"

Dadangu hakujibu. Miezi iliyofuata aliacha kwaya, akaacha kupokea simu za wenzake, akawa anatoka nyumbani jua likizama. Mtu akimwita kwa jina barabarani, anajifanya hajasikia. Mimi ni mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza huambiwa, "Ongea na mwenzako." Nikiongea, alinitazama kama mtu anayesubiri tangazo liishe.

Siku moja akaweka statasi: picha ya miti minne yenye maua na neno moja, *Oubaitori*. Chini ameandika, "Kila mti una wakati wake. Niacheni."

Niliisoma mara mbili. Ile "niacheni" ndiyo ilinifanya nitafute hilo neno linatoka wapi.

Ni neno la Kijapani linaloandikwa kwa herufi nne, na kila herufi ni mti: sakura, ume, momo na sumomo. Sakura ndio ule mti wa maua ya waridi hafifu ambao watalii huufuata Japani. Momo ni mpichi. Ume na sumomo ni miti ya jamii ya plamu. Yote minne ni ya familia moja, yote huchanua kati ya mwisho wa baridi na majira ya kuchipua, lakini haichanui pamoja. Ume hutangulia, mara nyingi Februari, baridi ikiwa bado kali. Mingine hufuata Machi na Aprili. Maneno hayo yamo katika mafundisho yanayohusishwa na Nichiren, mtawa wa Kibudha wa karne ya 13, na maana yake ni kwamba sakura ni sakura na ume ni ume. Hakuna unaohitaji kugeuka mwenzake ndipo ukamilike.

Ni wazo zuri. Ila kabla hatujaibeba Japani kama nchi ya watu watulivu wasiojilinganisha, tuangalie vizuri. Ni nchi hiyo hiyo ambayo wanafunzi wake wa sekondari wanajua neno *hensachi*, alama inayomwonyesha mtoto amesimama umbali gani juu au chini ya wastani wa wenzake waliofanya mtihani ule ule, na ambayo hutumika kukisia ataingia shule au chuo gani. Hata maua yenyewe yanapimwa. Tokyo kuna mti maalumu wa sakura katika hekalu la Yasukuni ambao wataalamu wa hali ya hewa huukagua, na maua matano au sita yakifunguka hutangaza rasmi kwamba msimu umeanza. Kwa hivyo methali hii haikutoka kwa watu wasiojua kupanga wenzao kwa namba. Watu hutunga methali mahali panapowauma. Hata sisi tunaosema "kila ndege huruka kwa ubawa wake" ndio tunaouliza umekuwa namba ngapi.

Lakini kilichonisumbua kilikuwa kitu kingine. Ni rahisi sana mtu aliyekwisha chanua kukwambia kila mti una wakati wake. Anayekaa kwenye kivuli cha mti wake mwenyewe akisema usijilinganishe, ni kama aliyeshiba kukuambia njaa ni mawazo tu. Na huku kwetu "wakati wake" una historia. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Watu zaidi ya 340,000, kwa sensa ya 2019, wanagawana kilichobaki pamoja na mashamba makubwa ya mkonge na ranchi. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoa maji safi ambayo bomba hupeleka Mombasa, na bado mitaa ya Voi inajua vizuri bei ya mtungi wa lita 20. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba mti wake utachanua kwa wakati wake, ana haki ya kukuuliza maji yameenda wapi.

Kwa hiyo nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia dadangu. Eti hilo neno lako ni blanketi, limeuzwa na watu wa TikTok, amka ujisajili kwenye kozi. Sikuyasema, kwa sababu Mama aliniwahi na shamba.

Shamba letu liko chini ya milima ya Sagalla, upande ambao ndovu wa Tsavo hutoka bila kubisha hodi. Huku bondeni mvua ya kutegemea ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika ikija, shukuru, isipokuja usishangae. Juu kwa mama mkubwa ni dunia nyingine. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unagonga vilima vya Taita, unapanda, unapoa na kugeuka ukungu na mvua. Pale Vuria, kilele cha juu zaidi, ni mita 2,208. Voi iko chini ya mita 700. Kati ya nyumba yetu na ya mama mkubwa hata kilomita 50 hazifiki, lakini yeye anavuna kabichi na maparachichi, na sisi tukipanda kabichi bila kumwagilia tunapanda hasara.

Ilikuwa Novemba, tunapanda. Mama anachimba, dadangu ametolewa nyumbani kwa amri, anaangusha mbegu, mimi nafukia. Mahindi machache, halafu mstari wa ndengu, mstari wa mbaazi. Mama akaanza kuhadithia jinsi mahindi ya dada yake yalivyokuwa mazuri mwaka jana. Anacheka. Hana wivu hata kidogo. Akasema, "Yale ni ya Wundanyi. Kule hata ukitupa kokwa, linaota. Mimi nikijipima na yeye kwa mahindi nitakufa kwa presha."

Dadangu akainua kichwa. Nadhani ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu ndani ya wiki nzima. "Mama, kumbe mahindi unajua hayafanani. Mbona mimi unanipima na wa Wundanyi?"

Jembe lilisimama. Niliangalia chini, maana kwetu mtoto hamwambii mzazi hivyo. Nikangoja radi.

Mama hakukasirika. Alikaa kwenye tuta, akafungua lesso akajifuta uso, akanyamaza muda mrefu mpaka nikasikia treni ya mizigo ikipita mbali. Kisha akasema, "Mahindi najua sababu yake. Wewe sikujua sababu."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Leon Festinger, aliandika kwamba watu hujilinganisha na wengine hasa pale wanapokosa kipimo cha wazi cha kujipima, na kwamba humchagua mtu wanayeona anafanana nao. Ndio maana hujilinganishi na bilionea, unajilinganisha na mlioketi dawati moja. Mama hakuwa na kipimo cha kujua kama amelea vizuri. Alikuwa na dada mmoja, mwenye binti mmoja, aliyezaliwa mwaka mmoja na wake. Yule mtoto wa mlimani ndiye alikuwa rula ya karibu. Mahindi alijua kuyasoma, kwamba kuna udongo, mvua na urefu wa mlima. Mtoto hakuna aliyemfundisha kumsoma hivyo, shule ilimpa namba tu.

Na kulikuwa na mengi ya kusoma. Shule ya mwenzake milimani ilikuwa na walimu wa sayansi miaka yote minne. Ya dadangu ilikaa muhula mzima bila mwalimu wa kemia. Mwenzake alilala bweni. Dadangu, miaka miwili ya ukame, alirudi nyumbani kubeba maji. Sisemi hivyo ili C iwe A. C ni C, na barua za kazi hazina nafasi ya kuandika habari za ukame. Nasema tu kwamba mkulima yeyote angeliona hilo kwa sekunde moja kama lingekuwa shamba.

Lakini Mama hakuishia hapo, na hapa ndipo ile "niacheni" ilipopata mpinzani wake. Alinyoosha kidole kwa mistari tuliyopanda. "Hizi ndengu na hizi mbaazi zinaingia ardhini leo. Ndengu nitakula Januari. Mbaazi za kienyeji mpaka Agosti huko. Mvua moja, udongo mmoja. Sizisukumi. Lakini mbaazi kuchelewa si kwamba imelala. Mwezi mzima wa kwanza unaona kamti kadogo tu, kumbe inatuma mizizi chini. Ndengu zikishang'olewa na jua la Februari likiwaka, ndiyo inabaki kijani peke yake. Sasa wewe niambie. Mizizi unatuma?"

Dadangu alinyamaza tena, lakini hakikuwa kile kimya cha kwanza.

Mimi huwa nafikiria mbuyu. Ukipita Voi kwa treni wakati wa kiangazi, ile mibuyu ya kandokando haina jani hata moja, na mgeni dirishani anaweza kusema imekufa. Haijakufa. Imeangusha majani ili maji yasipotee, na shina limehifadhi. Ua lake likija hufunguka jioni, popo hulitembelea usiku, na kesho yake limeanza kunyauka. Kazi ya mwaka mzima inaonekana usiku mmoja, tena wakati sisi tumelala. Ukiupima kwa siku tuliyopita sisi na simu ya kupiga picha, utaupa sifuri. Lakini usiupe sifa ya kusubiri pia. Mbuyu hausubiri chochote, unafanya kazi ya kiangazi.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba neno la dadangu lina maana, ila si ile ya kwenye picha. Oubaitori haisemi "kaa tu, siku yako itafika." Ume haukai tu. Unachanua kwenye baridi kwa sababu ulijiandaa kuchanua kwenye baridi. Kinachoondolewa na hilo neno ni ratiba ya mti mwingine. Kazi ya mti wako inabaki pale pale.

Wala halikatazi kuangalia kwa jirani. Mama huangalia sana. Miaka iliyopita ndovu walimaliza mahindi yetu usiku mmoja, na hapo ndipo alipoenda kuchungulia kwa watu wa Sagalla waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye waya, kila baada ya mita kama kumi. Ndovu akiusukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na ndovu, mnyama mkubwa kuliko wote nchi kavu, anatimua mbio kwa sababu ya mdudu. Watafiti wa ndovu wamelifanyia kazi jambo hili hapo Sagalla pamoja na wakulima, na limeenea mbali. Mama hakusema, "Kila shamba lina wakati wake." Alimuuliza jirani, "Ulifanyaje?" Huyo jirani ana mvua yake, udongo wake na ndovu wake. Kulinganisha kwa namna hiyo hukupa maarifa ya kurudi nayo nyumbani. Kule kwingine hukupa namba tu, na namba hailimi.

Nikija kwetu sisi wa mjini, nadhani swali lingekuwa hilo hilo. Ukiona mwenzako ametangaza kazi mpya, amevaa suti, amesimama mbele ya jengo la vioo, unaweza kumuuliza, "Ulifanyaje?" Kama huwezi kuuliza, au jibu lake haliwezi kutumika kwenye udongo wako, basi hayo ni mahindi ya Wundanyi. Yafurahie, mpongeze mwenyewe, rudi shambani. Na kama jibu ni kwamba yeye alikuwa na bomba la maji na wewe hukuwa nalo, usijilaumu, na usinyamaze pia. Ulizia maji.

Dadangu alijisajili. Ni diploma ya umeme, katika chuo cha ufundi kisicho mbali na nyumbani. C kavu ilimtosha kuingia, kitu ambacho miezi yote ile hakuna aliyekitaja kwa sababu tulikuwa tunaangalia mlango uliofungwa. Si hadithi ya ushindi. Karo ni vita, muhula wa pili alikaribia kurudishwa nyumbani, na darasani wasichana ni wachache kiasi kwamba mwalimu huwaita wote "madam". Kuna jioni anarudi amechoka na kusema hajui kama hii ni ndoto yake au ni nafasi iliyobaki. Simjibu haraka. Namwambia tu anionyeshe alichofanya leo, na yeye hunichorea saketi nyuma ya risiti ya duka. Mwezi wa kwanza sikuelewa kitu. Siku hizi naelewa kidogo. Paneli ya sola ya nyumbani ilipoacha kuchaji, ni yeye aliyepanda juu ya bati, akashuka akasema ni waya umelika, akaurekebisha. Mama alishika ngazi muda wote na hakusema neno, lakini usiku huo alimwekea yeye nyama kwanza.

Agosti tulipanda mlimani, kulikuwa na harusi ya jamaa. Binti ya mama mkubwa alikuwepo, amekonda, akaniambia chuo kikuu si kama alivyokifikiria, kwamba huko kila mtu alikuwa namba moja kwao. Alikaa na dadangu nyuma ya nyumba wakacheka mpaka mtu akaenda kuwaangalia. Sijui walizungumza nini. Nilifurahi tu kwamba hakuna aliyeleta ripoti.

Wakati wa chai, shangazi mmoja alimgeukia Mama na lile swali, kwa sauti ya upole kabisa. "Na huyu wako, mwenzake yuko mwaka wa pili wa digrii. Yeye amefika wapi?"

Nilimwona dadangu ameshika kikombe bila kunywa. Mama alichukua andazi, akalimega, akatafuna mpaka likaisha.

"Huyu ni mbaazi," akasema. Kisha akauliza kama huko juu viazi vimefanya vizuri mwaka huu.